Waliofukua Mashine ya Ukutani

Msichana wangu aliweka headphone masikioni, akabonyeza pale pale alipozoea kubonyeza kila Jumapili tangu akiwa mdogo wa kubebwa, akangoja. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na kitambaa cha kufuma mkononi, kile tulichokuwa tukiifunika nacho ile mashine tukishamaliza. Kwenye kioo kulikuwa na uso wa Mheshimiwa, anacheka, kidole gumba juu. Msichana akabonyeza tena. Akainama chini ya meza akaangalia kama nyaya zimechomoka. Akazima, akawasha. Mheshimiwa akarudi, bado anacheka.

Akatoa headphone, akaiweka mezani polepole kama mtu anayeweka yai, akasema bila kugeuka, "Mum, baba hayuko."

Nilimwambia atafute vizuri, labda wamemsogeza. Mwenye cyber, lile duka la kompyuta za kulipia, ndiye aliyekuwa akimsogeza, na kila mara tulimkuta.

"Nimetafuta," akasema. "Hayuko. Hakuna watu wa mtu yeyote humu ndani."

Nimeitwa mjane tangu huyo msichana akiwa tumboni. Lakini anayesoma haya ajue kwamba mume wangu alikufa Jumapili ile, ndani ya cyber ya Kawangware, kwenye stage ya matatu ya 46, saa za watu kutoka kanisani na watoto wakiwa na soksi nyeupe. Baadhi ya waliomuua nawajua kwa sura. Mmoja wao nilimkaangia mandazi. Mimi nimefika darasa la sita tu, na anayenipigia haya chapa ameniomba nisiandike majina, ati nitashtakiwa. Sawa, siandiki. Wakisoma watajijua.

Nianzie Mashimoni, kule Kibera, kwa sababu ndiko sauti yake ilikotoka.

Tulikuwa na chumba kimoja cha mabati na udongo, si mbali na kioski cha maji, na tulijua kelele za mitungi kuliko kelele za jogoo. Mume wangu alikuwa mtu wa mjengo. Alibeba mawe na kokoto kwenye majumba ya watu, na jioni alirudi akiwa mweupe wa simiti mpaka kope. Hiyo simiti ilimpa kikohozi kidogo, kikavu, ambacho kilikuwa kinakuja katikati ya maneno yake kama mtu anayebisha mlango. Siku moja akaja na simu ya mtumba yenye kadi ndogo ndani, amefurahi kama mtoto, kwa sababu ilikuwa inashika sauti. Alikaa kitandani akaijaribu. Mimi nilikuwa nakaanga omena, vile visamaki vya ziwani.

Kwa hivyo kinachosikika kwanza ni mafuta yangu. Halafu yeye: "Hello, hello. Hii inashika?" Anakohoa. Ananiambia niseme kitu, nami nanyamaza kwa aibu, anacheka. Halafu anaisogeza simu karibu na tumbo langu, na sauti inakuwa nzito kama anaongea ndani ya mtungi. "Na wewe uliye humo, sema kitu. Wewe ni wa omena ama wewe ni wa nyama?" Anakohoa. "Kama ni wa nyama, toka na pesa yako." Anacheka tena, mimi nasikika nikimwambia aache upuzi, na inakatika.

Basi. Hakuna kingine. Hakusema neno la hekima, hakuacha wosia. Alikuwa anajaribu simu.

Juu ya ule mwaka wa vita vya kura sitasema mengi. Waliokuwepo wanajua, na ambao hawakuwepo hawajawahi kutuuliza. Mume wangu alitoka asubuhi kwenda kumtafuta ndugu yake mdogo ambaye hakuwa amerudi. Simu aliniachia, ati huko nje wangemnyang'anya. Ndugu alirudi akiwa mzima, kwa njia nyingine. Mume wangu hakurudi. Mchana moto ukafika mstari wetu wa nyumba, nami nikakimbia na tumbo mbele na simu ndani ya sidiria. Vingine vyote, picha ya harusi, cheti, nguo za mtoto nilizokuwa nimeanza kununua, viligeuka majivu. Tulizunguka mochari tukifunua shuka za watu wengine mpaka ndugu yake akakataa kuendelea. Hakupatikana.

Kwetu ziwani mtu hawezi kuachwa hivyo hivyo bila kuzikwa. Mwili ukikosekana, huzikwa tunda la yago, lile refu, zito, linaloning'inia mtini kama mtu aliyelala. Likakatwa, likavishwa shuka, likalazwa kwenye jeneza kwa heshima zote, na watu wakalia. Nami nililia. Lakini macho yangu yalikuwa yanajua kwamba nalilia tunda.

Nilirudi Nairobi kwa sababu nyumbani hakukuwa na kitu cha kula. Sikurudi Kibera. Dada wa ukoo wetu alinipa kona ya chumba chake Kabiro, huko huko Kawangware, nikaanza kukaanga mandazi mbele ya cyber pale 46. Niliuchagua ukuta huo kwa kuwa ulikuwa wa mawe. Mtu aliyeunguliwa na mabati huangalia ukuta kwanza.

Mwenye cyber alikuwa mtoto wa mwenye ploti, watu waliozaliwa hapo kabla Kawangware haijawa na barabara. Watu wake na watu wangu mwaka ule hawakusalimiana. Hata mandazi yangu watu wa upande wake waliyapita. Lakini simu ilipoanza kujizima ovyo, sikuwa na mwingine wa kumwendea. Aliitoa ile kadi, akaipanguza na shati, akaiingiza kwenye mashine. Akasema kadi yenyewe ni mgonjwa, leo itasoma, kesho pengine haitasoma tena. Na kweli haikusoma tena. Alisikiliza mwanzo kidogo, mafuta na ile hello, kisha akasimama akanipa kiti chake.

"Kaa hapa, mama," akaniambia. "Huyu ni wako."

Halafu akatoka nje akasimama karibu na karai langu, akayauza mandazi yangu mpaka nilipomaliza kulia. Hilo silisahau. Naliandika ndiyo muone kwamba nitakapofika mahali pa kumlaumu sitakuwa namlaumu kwa ukabila.

Mama mkwe wangu, ambaye msichana wangu humwita Dana, alikuja kunisaidia mtoto alipozaliwa. Nikampeleka cyber. Alikaa wima, vile vitu vya masikioni vimembana kichwa juu ya kitambaa, akasikiliza mwanawe akiuliza habari za omena. Hakulia. Alinyoosha mkono akaigusa ile mashine ubavuni, akauacha mkono pale.

"Ana joto," akasema.

Kisha akauliza kama sauti hiyo inaweza kuwekwa na mahali pengine pia. Mwenye cyber akamweleza kwamba ndiyo, inaweza kuwekwa mahali popote, hata mia. Dana akakataa. Alisema kule nyumbani tulizika tunda, mtu mwenyewe kumbe yuko hapa, na mtu halazwi mahali pawili. Msimgawe. Akiwa hapa awe hapa, na sisi tutakuja kumsalimia.

Mwenye cyber hakucheka. Angeweza kucheka, alikuwa kijana na amesoma. Badala yake akaweka desturi yake mwenyewe. Kila aliponunua mashine mpya aliniita nisimame nishuhudie. Alimtoa mume wangu kwenye ile ya zamani, akamwingiza kwenye mpya, akanifungulia nisikie ile hello, kisha akafuta kule alikotoka. "Amehama, mama," alikuwa akisema. "Hakuna kilichobaki nyuma." Na daima alimweka kwenye mashine ya ukutani, mbali na mlango, ambako mvua haifiki wala mwizi hafiki haraka.

Watu wakasikia. Waliounguliwa Kibera, waliobomolewa, waliofurikiwa na maji, wakaanza kuleta picha za marehemu wao ziwekwe pale, kwa sababu nyumba zetu haziweki kitu. Ile mashine ikawa na watu wengi. Msichana wangu alikuwa akiniambia baba amepata majirani.

Alikua akija pale kila Jumapili tukitoka kanisani. Alipokuwa mdogo, akifika mahali pa swali alikuwa akijibu kwa sauti, cyber nzima isikie: "Omena!" Watu walicheka, naye hakuelewa wanacheka nini, si ameulizwa? Alipokuwa mkubwa akaanza kujibu kwa midomo tu. Mimi nilikuwa nikiitazama hiyo midomo. Kisha tulifunika mashine kwa kitambaa, nilikifuma mwenyewe, cheupe, na mtu mwingine hakuifungua mpaka Jumatatu. Na Dana alikuwa akipiga simu jioni kutoka nyumbani kuuliza neno moja: mmemsalimia? Tumemsalimia, Dana.

Sasa niwaambie habari ya hao wanaojua mambo.

Mandazi huleta siasa. Nilikuwa na wateja wawili ambao hawakukosa asubuhi hata moja, yule wa bodaboda na yule muuza viatu vya mtumba, na kazi yao ilikuwa kubishana. Muuza viatu alikuwa amesoma hadi kidato cha nne na alitaka ijulikane. Alikuwa anasema mashine za cyber zinaugua kwa sababu Windows zake ni za kuiba, zilitoka mjini kwa watu wa vichochoro, na kwamba serikali ingekuwa na akili ingetuwekea Linux kila mahali, ambayo ni ya bure, haina tajiri, ni ya wananchi.

"Cha bure hakina mwenyewe," wa boda akamjibu. "Kikiharibika utamlilia nani? Barabara ya Kabiro si ni ya bure? Si uliiona ilivyo?"

"Wewe unalinganisha mfumo na matope."

"Nalinganisha na ninachopanda kila siku, buda."

Niliwauliza huo mfumo ni kitu gani hasa, maana nilikuwa nausikia tu kama nisikiavyo habari za bunge. Muuza viatu akaonyesha karai langu. Akasema mandazi ndiyo programu, na moto ndio mfumo. Huuli moto, lakini bila moto huli chochote. Nikamwambia moto wangu nawasha mwenyewe na najua kuni zimetoka wapi, sasa wa kompyuta huwashwa na nani? Akasema hilo ndilo swali, mathe, hilo ndilo swali lenyewe. Wa boda akasema hata wa Kenya haijulikani nani huwasha, na akaongeza mandazi.

Ilipokuja hii habari ya AI wakapata chakula kipya. Muuza viatu alisema itachukua kazi za makarani wote, madaktari, hata wabunge. Wa boda akasema ikichukua kazi ya wabunge ataipigia kura yeye wa kwanza, lakini haelewi haraka ya nini. "Akili ya kuzaliwa nayo bado inatafuta kazi hapa stage," akasema, "na nyinyi mnaleta ya kutengenezwa." Mimi nilicheka mpaka unga ukanimwagika. Nakumbuka kicheko hicho kwa uchungu, kwa sababu baadaye hiyo AI ililetwa kwangu mlangoni, na sikucheka.

Mheshimiwa, mbunge wetu, aliingia kwa kura za vijana. Alikuwa kijana mwenyewe, suti imembana, anaongea Sheng jukwaani na Kiingereza kwenye redio. Wazee wote walisema huyu ndiye, angalau amewahi kushika kompyuta. Aliahidi kituo cha kidijitali, internet ya bure kwa vijana, kazi za mtandaoni. Alisema mfumo wa zamani umetuibia vya kutosha, na yeye ataufuta wote tuanze upya. Muuza viatu alipiga makofi mpaka viatu vikaanguka kwenye kamba. Nilimpigia kura. Nani hangempigia?

Na mwenye cyber alikuwa anazama. Kila mtu sasa ana simu, cyber inaendewa na wanafunzi wa kuchapisha na wazee wa kuomba kitambulisho. Watu wa Mheshimiwa walipomjia wakisema cyber yake iwe ndiyo hicho kituo, wampakie rangi, wamletee internet, alikubali kabla hawajamaliza sentensi. Sharti lilikuwa moja. Mashine zote ziwekewe mfumo wao mpya, zifanane, na zikiwashwa uonekane uso wa Mheshimiwa kwanza. Aliniambia ameshawaeleza habari za vitu vya watu, wamesema watavishughulikia. Alisema hivyo akipanguza kioo ambacho kilikuwa safi.

Siku ya kufungua walisimamisha hema barabarani, viti vya kukodi, spika kubwa kama kabati. Niliagizwa mandazi ya wageni, kwa hivyo nilikuwa pale kuanzia asubuhi. Mwenye cyber alitumwa kwenye makutano akampokee Mheshimiwa pamoja na akina mama wa kuimba. Alienda. Hapo ndipo ninapomlaumu. Alijua ni siku ya kuhamisha, na hakuwahi kuhamisha bila kuniita, na siku hiyo alienda kupiga makofi njiani.

Ndani alibaki kijana wa mitambo, amevaa kitambulisho shingoni kwa utepe, raba nyeupe ambazo hazijawahi kuona Kabiro. Alikuwa anazunguka na flash, mashine moja baada ya nyingine, na kwenye vioo kulikuwa na maandishi meupe yanakimbia. Sikuelewa maandishi. Lakini niliona anaelekea ukutani, nikaacha karai, nikaingia na mikono ya unga.

Nikamwambia, kijana, hiyo ya ukutani uiache.

"Mathe, lazima zote zifanane," akasema.

"Kuna mtu ndani."

Alinitazama hivi, nikaona anafikiri mama huyu ameanza kunywa mapema. Nikamweleza. Sauti ya mume wangu, hana kaburi lingine la kweli, na kuna watu wengine pia, picha zao. Lazima niseme ukweli, hakuwa kijana mbaya. Uso ulibadilika. Alisema kuvitoa vitu vya watu vyote kutachukua mchana, mashine yenyewe ni ya zamani, na Mheshimiwa yuko njiani na watu wa kamera. "Wacha nipige simu," akasema.

Akapiga simu mbele yangu. Nilisikia upande wake tu. Alisema mkuu, kuna shida kidogo, kuna vitu vya watu ndani. Akasikiliza. Akasema ndiyo. Akasikiliza tena, akaniangalia, akaangalia kando. Akasema sawa, mkuu, sawa. Akairudisha simu mfukoni.

"Usijali, mathe," akaniambia. "Iko sawa."

Nami nikalichukua hilo neno, nikarudi kwa karai langu. Katika Kiswahili nilichofundishwa, mtu akikuambia iko sawa, basi iko sawa.

Mheshimiwa akaja na vumbi lake. Akakata utepe, akabonyeza, mashine zote zikawaka pamoja na uso wake ukatokea kwenye vioo vyote, safu nzima, hata kwa ile yetu. Watu wakapiga kelele. Alipotoka alikuja moja kwa moja kwangu, kwa ajili ya kamera, akala andazi. Akanishika mkono. "Mama, hizi ni tamu," akasema. Nikasema asante, Mheshimiwa. Nilikuwa na furaha. Nilimwambia msichana wangu jioni kwamba nimeshikwa mkono.

Halafu ikafika Jumapili, na hiyo nimeshaieleza.

Tulimwendea mwenye cyber kwanza. Alijua kabla hatujafungua mdomo. Alikaa kwenye kile kiti alichowahi kunipa, akasema amejaribu, ameenda mpaka mjini kwa mafundi wanaofufua vitu vilivyofutwa, wamemwambia mfumo mpya umeshaandikwa juu ya vitu vyetu, havirudi. Alisema, "Mama, nilidhani wangeningoja." Hatujaongea naye tangu hapo, isipokuwa salamu. Karai nimelihamisha upande mwingine wa barabara. Na sikio langu linaposikia wateja wangu wawili wakibishana kama Linux ingetuokoa ama Windows ingetuokoa, nawaambia wanywe chai. Muuza viatu bado anasema tatizo ni mfumo. Nilimjibu siku moja kwamba mfumo haukupiga simu. Mtu alipiga simu, na mtu alipokea.

Nilikwenda ofisi ya Mheshimiwa. Nilikalia benchi pamoja na watu wa kuomba bursary ya karo na watu wa kuomba msaada wa mazishi. Msaidizi wake alinisikiliza akiandika kwenye simu yake. Alisema hakuna mtu anayekumbuka simu yoyote. Nilipokwenda mara nyingine, kijana wa mitambo alikuwa pale, nikamshika mkono wa shati kwenye ngazi. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliniambia yeye aliuliza tu, jibu lilitoka juu. Juu kwa nani? Akasema, "Juu, mathe," akashuka mbio.

Halafu wakaleta AI.

Nafikiri waliogopa nitaongea na watu wa redio. Msaidizi alinipigia akasema wana habari njema, siku hizi sauti ya mtu inaweza kutengenezwa upya, inatakiwa tu sauti ya ndugu wa damu na mimi niwaambie alikuwa akiongea vipi. Sikutaka. Lakini msichana wangu alikuwa ameacha kuongea nami Jumapili, na sahani ya omena alikuwa akiisukuma kando bila kuigusa, na mama huwa mjinga mbele ya sahani isiyoguswa. Nikakubali. Wakamchukua ndugu ya mume wangu, yule yule aliyetafutwa akapatikana, wakamfanya asome mambo kwenye kipaza sauti. Mimi nikawaambia maneno yote, neno kwa neno.

Walikuja nyumbani Kabiro mchana, msaidizi na mtu wa kamera, na kompyuta bapa ya mkononi. Mtu wa kamera akamsogeza msichana wangu karibu na dirisha ili mwanga umpate akilia. Akavaa headphone. Mimi nilisikia kwa mbali, jinsi inavyovuja. Ilikuwa sauti ya mume wangu. Naapa, ilikuwa yeye. Lakini alikuwa anaongea kama mtu wa taarifa ya habari, hakuna mafuta nyuma, hakuna kikohozi, na walikuwa wamemwongezea maneno yao. Alimwita binti yake kwa jina. Akamwambia asome kwa bidii, kesho ni ya vijana.

Msichana akasikiliza mpaka mwisho. Akatoa headphone, akamrudishia msaidizi mikononi kwa heshima, kama anavyorudisha vitu vya wageni.

"Huyu ananiita kwa jina," akasema. "Baba yangu hakuwahi kulijua jina langu."

Mtu wa kamera akazima kamera mwenyewe. Wakaondoka bila kunywa chai.

Najua watakachosema. Wameshasema. Ati kosa ni letu, ati kila mtu anajua kitu cha maana huwekwa mahali pawili, mbona hatukukiweka kwenye simu, mbona hatukukiweka mawinguni. Hata mchungaji wetu aliniuliza. Nami nawauliza hivi: kaburi likifukuliwa, huwa mnawauliza wafiwa kwa nini hawakumzika mtu wao mara mbili?

Dana bado anapiga simu kila Jumapili jioni. Amezeeka, masikio yameanza kumwacha, lakini swali lake ni lile lile. Mmemsalimia? Msichana wangu huchukua mtungi wa maji akatoka nje nisimwone. Nami nasema, tumemsalimia, Dana. Siwezi kumdanganya tena. Kwetu anayeua ndiye anayepaswa kupeleka habari, na mimi sikuua.

Kura zinakaribia tena. Picha zake zimeshabandikwa kwenye ukuta wa mawe, ule wangu wa zamani, na nasikia atapita 46 na spika zake. Atakuja kula mandazi, sijui ya nani. Sitaki pesa yake, sitaki mashine nyingine, na internet yake nawaachia vijana. Nataka apande gari aende mpaka nyumbani ziwani, yeye mwenyewe, asitume msaidizi. Asimame pale tulipozika tunda, mbele ya mwanamke mzee aliyegusa mashine akasema mwanangu ana joto. Amwambie nani alikuwa upande ule mwingine wa simu, na alisema neno gani. Kama ni yeye, aseme ni yeye. Kama si yeye, ataje mtu. Nimemngoja hapa chini, na huko juu kuna mtu anayejua. Ajibu.